Wasichana wa Mstari wa Nyuma

“Rudisha,” shangazi akasema. “Rudisha pale anapogeuka.”

Nikarudisha. Laptopu tulikuwa tumeiweka juu ya stuli, sisi wawili tumekaa mkekani, feni inazunguka kwa kelele zake. Rita Hayworth akageuka tena: bega la kulia likatangulia, kiuno kikachelewa kidogo, kisha kikafika kwa ghafla na ngoma ikakipokea. Shangazi alisogea mbele mpaka mwanga wa kioo ukamjaa usoni.

“Huyu amelelewa na watu wa ngoma,” akasema. “Anayecheza kwa kuhesabu hawezi kuchelewa vile.”

Sikuwa nimemwambia lolote kuhusu Rita Hayworth. Sikuwa nimemwambia kwamba alizaliwa New York mwaka 1918 akaitwa Margarita Carmen Cansino, wala kwamba baba yake, Eduardo Cansino, alikuwa mcheza dansi kutoka Uhispania, mtu wa ukoo uliokula kwa dansi. Sikuwa nimemwambia kwamba alipokuwa bado binti mdogo, baba huyo alimfanya mwenzake wa jukwaani, wakacheza pamoja katika vilabu vya Tijuana, Mexico, mbele ya watu wazima waliokuja kunywa. Shangazi alilisoma begani.

Filamu yenyewe inaitwa Tonight and Every Night. Ilitoka Januari 1945, imetengenezwa na kampuni ya Columbia kwa rangi za Technicolor, mwongozaji ni Victor Saville. Nimeipenda kwa miaka mingi, na kila nikiitaja nakuta watu hawajaisikia. Mpenzi wa sinema za zamani akisikia jina la Rita Hayworth atakutajia Gilda ya 1946, na akijua zaidi atakutajia Cover Girl ya 1944. Hii imebanwa katikati ya hizo mbili, ikasahaulika.

Ni filamu ya nyimbo, dansi na vichekesho. Inahusu wasichana wa jumba dogo la maonyesho jijini London wanaocheza kila usiku huku mabomu yakianguka, na mbele yao wamekaa askari: marubani wa Uingereza, wageni waliovuka bahari, vijana waliopewa ruhusa ya siku mbili tatu kabla ya kurudi kwenye vita. Juu juu ni filamu ya kuwachangamsha watu wakati mgumu, na za namna hiyo zilitengenezwa nyingi. Lakini mimi naamini ndani yake mna jambo ambalo nyingi kati ya hizo zililifunika, nalo ni kwamba kuchezea watu ni kazi. Ina zamu, ina jasho, ina uchovu na hatari, na anayeifanya anatakiwa kwanza kabisa asionekane kwamba yuko kazini.

Ndiyo maana nilitaka kuitazama na shangazi. Kabla magoti hayajamkatalia, alicheza ngoma katika mahoteli ya pwani ya kaskazini ya Mombasa kwa miaka 14. Na miongoni mwa aliowachezea ni wanamaji wa Marekani.

Jumba la kwenye filamu linaitwa Music Box, ila Mwingereza wa wakati ule hakuhitaji kuambiwa ni lipi hasa. Ni Windmill, lililokuwa mtaa wa Great Windmill Street, Soho. Mjane mmoja tajiri, Laura Henderson, alilinunua na kumkabidhi Vivian Van Damm aliendeshe, na mwaka 1932 wakaanzisha maonyesho yasiyo na mapumziko. Milango ilifunguliwa mchana, na kuanzia hapo onyesho likiisha lilifuata jingine mpaka usiku. Palikuwa na waimbaji, wachekeshaji na wacheza dansi, na palikuwa na lile lililowavuta wengi: wasichana waliosimama uchi jukwaani, wametulia kama sanamu. Ofisi ya kifalme iliyokuwa ikikagua michezo ya jukwaani iliruhusu jambo hilo kwa sharti moja tu, kwamba msichana asisogee. Akisogea, sheria imevunjwa.

Nilipomweleza shangazi sharti hilo hakucheka kama nilivyodhani. Alifikiri kidogo, akasema kusimama ni kugumu kuliko kucheza. “Ukicheza, mwili unakusahaulisha baridi, njaa, hata mtu anayekutazama vibaya. Ukisimama unayasikia yote.”

Vita vilipotangazwa Septemba 1939, serikali ya Uingereza iliamuru majumba yote ya maonyesho yafungwe. Amri hiyo haikumaliza wiki mbili. Mwaka uliofuata Wajerumani walipoanza kuipiga London kwa mabomu, siku 57 mfululizo kuanzia tarehe 7 Septemba 1940, majumba mengi yalizima taa. Windmill haikuzima. Wasichana walilala humo humo, chini ya jengo, kwa sababu kurudi nyumbani usiku ilikuwa hatari kuliko kubaki. Jumba lilijivunia msemo wake, kwamba ukiacha siku zile za amri halikufunga hata siku moja, na jina la filamu lina mwangwi wa msemo huo: leo usiku, na kila usiku.

Lilikuwa jumba dogo, viti 300 na kidogo. Askari waliingia mchana wakakaa nyuma, wakavizia. Mtu wa mstari wa mbele akiinuka kwenda zake, walioko nyuma waliruka juu ya viti kukimbilia nafasi yake, viti vikalalamika na vingine kuvunjika. Hadithi hiyo hutolewa kama kichekesho, na kweli inachekesha. Shangazi aliipokea kwa namna nyingine. “Wa mstari wa mbele ndiye anayekuona unavyohema,” akasema. “Huyo ndiye unayemchezea kwa taabu.”

Columbia hawakuweza kuonyesha uchi wowote. Hollywood ilikuwa na kanuni zake za maadili, na kanuni hizo hazikuwa na mzaha. Kwa hiyo Music Box ni Windmill iliyovishwa nguo na kufungwa vifungo mpaka shingoni, na mtu anayeitazama bila kuijua historia atadhani askari walikuwa wakiruka viti kwa ajili ya nyimbo tu. Hilo linaniuma kidogo. Wale waliosimama bila kusogea, ngozi imewasimama kwa baridi ya London, nao walikuwa wafanyakazi wa jumba lile, na filamu iliyokusudiwa kulisifu jumba lao imewafuta. Ilibidi kungoja mpaka mwaka 2005, Judi Dench alipoigiza kama Bi. Henderson, ndipo sinema ikawarudisha.

Hata hivyo filamu imebaki na kitu kutoka kwenye asili yake. Imetokana na mchezo wa jukwaani ulioandikwa na mwanamke, Lesley Storm, kuhusu jumba lile lile, ukachezwa Broadway, mtaa wa majumba ya maonyesho New York, mwaka 1942. Nahisi mkono wake kwenye vyumba vya kuvalia. Hawa wasichana wanaazimana vitu, wanagombana kwa mambo madogo, wanajua siri za wenzao kabla hazijasemwa. Shangazi alizitambua sehemu hizo haraka kuliko nyimbo.

Kisa ni chepesi. Rosalind, anayeigizwa na Hayworth, na Judy, anayeigizwa na Janet Blair, ni marafiki wa kufa na kuzikana. Anakuja kijana aitwaye Tommy kutafuta kazi ya kucheza. Tommy anampenda Rosalind, Judy anampenda Tommy, na Rosalind moyo wake unaangukia kwa rubani mmoja, Paul, aliyekutana naye wakati wa mabomu. Huyu Paul, kusema kweli, ndiye udhaifu wa filamu. Lee Bowman anamwigiza kama mtu aliyepigiwa pasi shati na hataki likunjike, na hila anazotumia kumpata msichana zinachosha. Sehemu zake zingepunguzwa nusu nisingelia.

Lakini kuna pahali pamoja kwenye mapenzi hayo ambapo shangazi alisimama kabisa. Paul anaondoka kwa kazi ya siri ya kijeshi bila kuaga, na badala yake anakuja baba yake, mchungaji mzee, kumwomba Rosalind aolewe na mwanawe. Mzee anaongea kwa haya, maneno yanamkaba. Nilikuwa nimezoea kuiona sehemu hiyo kama kituko cha mtunzi wa hadithi.

“Hiyo ni posa,” shangazi akasema. “Amekuja kuposa, tena mwenyewe, bila wazee wenzake. Maskini.”

Na tangu aliposema hivyo siwezi kuiona vingine. Ni mzee aliyekuja kuposa peke yake, mji unapigwa mabomu, mtoto hajulikani aliko.

Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya nirudi kwenye filamu hii kila mwaka. Tommy anafika kufanyiwa majaribio. Hana karatasi za muziki. Anaomba redio, yeyote azungushe kitufe, na chochote kitakachotoka atakicheza. Kitufe kinazungushwa. Unatoka muziki wa taratibu wa kumbi kubwa, mwili wake unanyooka. Kinazungushwa tena, inaingia jazi, magoti yanalegea. Kituo kinabadilika, na mwili unabadilika nacho, bila kuomba muda wa kuvuta pumzi. Halafu redio inakamata sauti ya Hitler anahutubia. Haina muziki, ni hasira tupu ya mtu anayepayuka. Tommy haachi. Anaicheza ile sauti. Mikono inakatakata hewa, kifua kinajaa, miguu inapiga chini, na kwa muda mfupi unaona ndani ya mwili wa mtu mmoja kitu kinachoendelea nje ya jumba lile.

Aliyecheza ni Marc Platt. Alitoka kwenye baleti, katika kundi la Ballets Russes de Monte Carlo, ambako ingawa alikuwa Mmarekani alitumia jina la Kirusi, Platoff. Mwaka 1943 alikuwa kwenye onyesho la kwanza kabisa la Broadway la Oklahoma!, mchezo wa nyimbo; kwenye sehemu ya ndoto inayochezwa kwa dansi, yeye ndiye Curly, kijana mhusika mkuu. Aliishi mpaka miaka 100, akafariki 2014. Watu wengi wanaomkumbuka wanamkumbuka kwa Seven Brides for Seven Brothers ya 1954, ambamo ni mmoja wa ndugu saba. Mimi ningempa jina lake lote kwa dakika zile chache na redio.

Shangazi alipiga makofi. Akanieleza kwamba kundini kwao mgeni alipimwa hivyo hivyo. Wapigaji wangeanza na ngoma ya gonda, wakishaona ameshika wanaruka kwenye sengenya bila kumwonya, kisha wanarudi, kisha wanaongeza kasi. Asiyeweza anatafuta ngoma kwa macho, anawatazama wapigaji mikono. Anayeweza anatazama mbele, na mguu unajua wenyewe. “Huyu kijana hakuitazama redio hata mara moja,” akasema. Nikarudisha kuhakiki. Kwa kadiri nilivyoweza kuona, alikuwa sahihi.

Pwani yetu, nikumbushe hapa kidogo, inaujua mchezo huu wa kumeza sauti za wakubwa wa vita na kuzicheza. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, beni ilichukua sare za askari, matarumbeta yao, vyeo vyao na magwaride yao, ikavigeuza ngoma. Mombasa ilikuwa na vikundi vya Kingi na Skochi vikishindana mitaani, na kwingineko Marini na Arinoti. Watu wazima walijipa vyeo vya jemadari na kapteni, wakatembea kwa mwendo wa jeshi ambao, ukiutazama vizuri, ulikuwa na kiuno ndani yake.

Nilimweleza shangazi mambo mawili kuhusu Hayworth tulipofika katikati ya filamu. La kwanza, kwamba sauti inayoimba si yake, ni ya mwanamke mwingine, Martha Mears, aliyekuwa akimwimbia. La pili, kwamba wakati filamu ikipigwa alikuwa mjamzito. Mumewe wakati huo alikuwa Orson Welles, mwigizaji na mwongozaji wa filamu, na mtoto wao Rebecca alizaliwa Desemba 1944, wiki chache kabla filamu haijaingia kwenye sinema.

Hilo la kwanza halikumshughulisha. La pili lilimnyamazisha. Wimbo uliokuwa ukiendelea ukaisha, ukaja mwingine, bado hajasema kitu. Kisha akaninyooshea mkono nisimamishe.

“Mimi nilimcheza kaka yako mpaka mwezi wa tano,” akasema.

Binamu yangu huyo sasa ana watoto wake. Sikuwahi kuisikia habari hii. Akanieleza kwamba kwenye hoteli waliyokuwa wakicheza wakati ule, ambayo sitaitaja, walilipwa kwa shoo. Hukucheza, huna chako. Na hata ukicheza, pesa zilikuja zikitaka, wiki mbili nyuma, mwezi nyuma, kiongozi wa kundi anatumwa ofisini na kurudi na maneno. Kwa hiyo alificha. Hando, ile sketi nyeupe ya marinda mengi wanayovaa wanawake wa Kigiriama, ni nguo ya rehema kwa mwenye mimba changa, kwa sababu inaanza na unene wake yenyewe. Aliifunga juu kidogo kila wiki. Mwezi wa nne kiongozi wa kundi, mwanamke mtu mzima aliyekuwa ameshazaa mara sita, alimtazama akivaa, hakuuliza kitu, akamwambia tu kuanzia leo utasimama mstari wa nyuma.

“Mstari wa nyuma ndiko tulikowekana,” akasema shangazi. “Mwenye mimba, mwenye homa, aliyefiwa, aliyegombana na mumewe akaja na jicho. Wa mbele wanacheka kwa ajili yenu wote.”

Nikamrudishia filamu nyuma, kwenye wimbo wa You Excite Me, ule wa ngoma kali; Jack Cole alikuwa mmoja wa waliopanga dansi za filamu hii. Tulikuwa tumeutazama mara tatu tayari kwa ajili ya lile bega. Safari hii tuliutazama kwa ajili ya pumzi. Hayworth anacheza kama mtu asiyebeba kitu chochote duniani. Ndipo nilipoelewa kwa nini ile filamu ya furaha hunichosha kila nikiitazama, uchovu mtamu kama wa kumtazama mtu akipanda ngazi na ndoo kichwani bila kumwaga.

Makundi ya wanamaji yalikuwa yakija kwa meli. Mwaka 1980 Kenya na Marekani zilikubaliana kwamba manowari za Marekani zitumie bandari ya Mombasa, na kwa miaka iliyofuata zilipotia nanga mji mzima ulijua kabla ya redio. Bei zilipanda, teksi ziliadimika, na mahoteli yaliagiza ngoma. Shangazi anakumbuka sare nyeupe, viatu vilivyong’aa, na harufu ya sabuni ya namna moja kwa wanaume mia. Ghuba kulikuwa na vita, Iran na Iraki, na kati ya mabaharia hawa wako waliotoka huko na wako waliokuwa wakielekea. Wacheza ngoma hawakuambiwa yupi ni yupi.

Shoo ikikaribia mwisho, desturi ilikuwa kuwashika wageni mikono na kuwaingiza uwanjani. Wageni hupiga picha, hucheka, hurudi kwenye viti. Usiku mmoja aliyemwangukia shangazi mkononi alikuwa kijana mwembamba, masikio yameungua jua. Kijana hakutaka kucheka. Alitaka kuijua gonda. Alitazama mabega ya shangazi kama mtu anayesomewa barua, akajaribu, akakosea, akaomba kwa ishara arudiwe. Shangazi akarudia taratibu. Akakosea tena. Wapigaji walishachoka, mmoja ameshaweka kayamba chini, lakini kiongozi akawaashiria waendelee. Mara ya nne shangazi aliacha kuonyesha, akamwekea viganja vyake viwili juu ya mabega, ampeleke mwenyewe. Na hapo, akasema, ndipo alipoyasikia mabega yale yakitetemeka, kutetemeka kusikokuwa kwa ngoma.

“Alikuwa na umri gani?”

“Mtoto. Kumi na tisa, ishirini. Hakuishika, mwanangu. Aliondoka bila kuishika.”

Asubuhi ya siku ya pili meli haikuwepo Kilindini. Amekuwa na kijana huyo kichwani zaidi ya miaka 30, na linalomuuma ni lile lile, kwamba somo halikukamilika.

Kwenye filamu askari wa viti vya mbele hawana majina. Wanapiga makofi, wanacheka, kamera inawapitia. Kuna wimbo mzima unaowahusu wageni wa Kimarekani, ukiuliza msichana wa Kiingereza anamwonaje Mmarekani, umejaa mbwembwe na utani. Wamarekani walianza kuwasili Uingereza Januari 1942, na ikifika katikati ya 1944 walikuwa wapatao milioni 1.5 wakisubiri kuvuka kwenda Ufaransa. Wengi waliochekea nyimbo kama hizo majumbani mwa London hawakurudi kwenye kiti chochote. Filamu ilitengenezwa huku jambo hilo likitokea, haikuwa kumbukumbu. Waliocheza hawakujua mwisho wa vita.

Na wakati huo huo walikuwepo wa kwetu. Desemba 1944, mwezi aliozaliwa Rebecca, askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki waliuteka mji wa Kalewa, Burma, kando ya mto Chindwin, baada ya miezi ya mvua na matope katika bonde la Kabaw. Nao walihitaji mtu wa kuwachangamsha, na waliwapata wenzao waliovaa sare na kushika magitaa. Fundi Konde, yule mwanamuziki mkubwa wa pwani ya Kenya, alikuwa kwenye kikosi cha burudani cha jeshi wakati wa vita hivyo, na sehemu ya dansi tuliyokuja kuiita yetu ilirudi nyumbani na watu wa namna yake. Hollywood haikuwatengenezea filamu. Ningetoa kitu kikubwa kuiona, hata kama ingekuwa na Lee Bowman ndani.

Mwisho wa Tonight and Every Night ndipo filamu inapoacha kutabasamu. Tommy ameuona moyo wa Judy hatimaye. Wanatoka kidogo kwenda kilabu cha pombe cha jirani. Linaanguka bomu, na wote wawili wanakufa. Inatokea haraka, bila hotuba, na ukizingatia kwamba uko kwenye filamu ya vichekesho inakupiga kifuani. Nyuma ya pazia habari inapita mdomo kwa mdomo. Ukumbini watu wamekaa, wamelipa, hawajui. Na Rosalind anaingia jukwaani, kwenye taa, anacheza.

Nilisoma mahali pengi kwamba huo ni mwisho wa propaganda, wa kuwaambia Waingereza wavumilie. Sikatai kwamba ulitengenezwa ufanye kazi hiyo. Ila nilimtazama shangazi wakati ule badala ya kumtazama Hayworth. Mikono yake ilikuwa mapajani, vidole vinapiga pigo asilolisikia mtu mwingine, na midomo imekazwa kama ya mtu anayehesabu mpaka zamu yake ifike. Alikuwa akiingia naye.

Majina yalipotokea nikamwonyesha jambo moja. Nikamwambia katika wasichana wa jumba lile, wale wanaozunguka pembeni bila hata jina lao kuandikwa, mmoja ni Shelley Winters, aliyekuja kushinda Oscar mara mbili, kwa filamu za 1959 na 1965. Nilidhani litamfurahisha.

“Na wengine?” akauliza.

Sikuwa na jibu. Akaniambia nirudishe kwenye dansi moja kubwa, nisimamishe pale ambapo wote wamepanga mstari. Nikasimamisha. Akasogea karibu, akawagusa kwenye kioo kwa ncha ya kidole, mmoja baada ya mwingine, kutoka kushoto kwenda kulia, mpaka alipofika ukingoni mwa picha. Kisha akageuza mkono, akauweka juu ya mkeka, na akaanza kuwataja wenzake wa kundini kwa mpangilio waliokuwa wakisimama, kila jina na kugonga kidogo kwa kidole: huyu yuko Malindi, huyu alikufa na uzazi, huyu aliolewa Ujerumani, huyu sijui. Alipofika kwenye mstari wa nyuma akaacha nafasi moja tupu, yake, akaendelea.